Lahajedwali na Namba za Bahati Nasibu: Ushauri kwa Anayeanza

Jumbe zinazonifikia kutoka kwa wasomaji wa Eldoret na viunga vyake, tangu Langas na Huruma hadi Kapsoya na Kesses, aghalabu huwa na swali moja lililovikwa maneno mbalimbali: mtu asiyewahi kufungua programu ya lahajedwali maishani mwake aanzie wapi, ili aweze kuzipanga namba za bahati nasibu zilizokwisha kutoka, azihesabu, na atazame kama zina utaratibu wowote utakaomfaa siku ya kununua tikiti? Nimeona ni wajibu wangu kulijibu kwa mapana, hatua kwa hatua, kwa kuwa ndani yake mmechanganyika mambo mawili yasiyolingana kwa thamani: elimu ya lahajedwali, ambayo ni mali halisi itakayomfaa mwenye duka, mkulima na karani, na tamaa ya kubashiri namba, ambayo hesabu utakayoifanya kwa mkono wako mwenyewe itakuonyesha kuwa haina msingi.

Ukiuliza kwa nini basi nakufundisha, jibu langu ni kwamba mtu hujifunza upesi katika jambo analolipenda, na namba za bahati nasibu, kwa kuwa ni chache, fupi na zenye mpango ule ule kila juma, ni uwanja mzuri mno wa mazoezi. Kuhusu uhalali wa kamari kwa mujibu wa dini, kila mwenye dini yake anajua hukumu yake. Mazoezi haya yote yanaweza kufanywa bila kununua tikiti hata moja.

Vyombo vya kazi

Huhitaji kununua kitu ili uanze. Programu zinazotumika sana ni tatu:

- Excel ya Microsoft, ambayo utaikuta katika saiba nyingi za mjini na katika kozi zile tunazoziita pakeji.
- Google Sheets, isiyolipiwa, inayofunguka kwa anwani ya Gmail, na inayojihifadhi yenyewe maadamu intaneti ipo.
- LibreOffice Calc, isiyolipiwa vilevile, inayofanya kazi bila intaneti mara tu ikisha kuwekwa katika kompyuta.

Fomula nitakazozitaja hapa zinafanya kazi katika zote tatu. Simu inatosha kwa kuingiza namba, lakini kujifunzia juu yake ni kujitesa, kwa maana kioo chake hakionyeshi jedwali zima, na anayeanza anahitaji kuona kichwa cha safu na namba ya mstari kwa pamoja. Ikiwa huna kompyuta, saa mbili za saiba zilizotumiwa kwa mpango zina manufaa kuliko siku nzima ya kubofyabofya bila kujua unatafuta nini.

Kwa wanaotumia saiba, shikeni haya matatu: msihifadhi kazi katika kompyuta ya saiba pekee, jitumieni nakala kwa barua pepe au ihifadhini kwenye flashi, na kabla ya kuondoka ondokeni katika akaunti ya barua pepe, kwa sababu atakayeketi baada yenu atakuta kila kitu wazi. Wanaotumia Excel katika mtaa ambao stima hupotea bila taarifa wazoeze vidole kubonyeza Ctrl na S kila wanapomaliza mistari michache.

Mahali pa kupata namba

Bahati nasibu si jambo geni nchini mwetu. Kenya Charity Sweepstake ilianza mwaka 1966, na Pambazuka, iliyoingia mwaka 2016, ilifunga shughuli zake mapema mwaka 2018 baada ya kodi ya michezo hii kupandishwa hadi asilimia 35. Walakini kwa mazoezi ya mwanzo mimi napendekeza matokeo ya bahati nasibu ya taifa ya Uingereza, ambayo droo yake ya kwanza ilifanyika tarehe 19 Novemba 1994 na matokeo yake yanapatikana kwa urahisi, tena mchezo wenyewe ulikuwa wa kuchagua namba 6 kati ya 49, mtindo unaojulikana duniani kote.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Mnamo Oktoba 2015 mchezo huo uliongezwa namba, zikawa 59 badala ya 49. Mwanafunzi akichanganya matokeo ya kabla na ya baada ya tarehe hiyo, ataona namba 50 hadi 59 zimetoka mara chache mno, kisha atakimbilia kusema kwamba ni namba zenye nuhusi au kwamba zinakaribia kutoka kwa wingi, ilhali sababu ni kwamba kwa miaka karibu ishirini na moja hazikuwamo katika chombo cha kutolea namba. Basi chagua droo 100 zilizofuatana, zote za kabla ya Oktoba 2015, na usitoke nje ya hizo.

Kulipanga jedwali

Lahajedwali ni uwanja wa safu zinazoshuka, zenye majina ya herufi, na mistari inayolala, yenye majina ya namba. Kila chumba kinachopatikana safu na mstari zinapokutana huitwa seli, na jina lake ni herufi ya safu ikifuatwa na namba ya mstari: C2, H101 na kadhalika. Ukilifahamu hilo, umeshavuka kizingiti.

1. Katika mstari wa 1 andika vichwa: A1 Tarehe, B1 Droo, C1 hadi H1 Namba ya kwanza mpaka ya sita, na I1 Ziada.
2. Kuanzia mstari wa 2, jaza droo moja kwa kila mstari. Droo 100 zitaishia mstari wa 101.
3. Kila seli ipate namba moja tu. Wako wanaoandika namba zote sita ndani ya seli moja wakizitenga kwa mkato, jinsi walivyozoea daftarini. Programu haitaweza kuzihesabu.
4. Namba ya ziada, inayotolewa baada ya zile sita za kila droo, ikae katika safu yake ya I, wala usiihesabu pamoja na zile sita, maana kazi yake katika mchezo ni nyingine.
5. Usiache mstari mtupu katikati, wala usiunganishe seli mbili kuwa moja kwa ajili ya urembo. Rangi na mapambo vingoje.

Tarehe zina fitina yake. Ukiandika 05/03/2012, kompyuta moja itasoma tarehe 5 Machi na nyingine tarehe 3 Mei, kutegemea ilivyowekwa. Andika mwezi kwa herufi, na shaka itaondoka.

Fomula yako ya kwanza

Katika safu ya K, tangu K2 hadi K50, weka namba 1 hadi 49. Huna haja ya kuziandika zote: andika 1 katika K2 na 2 katika K3, zichague seli zote mbili, kisha kamata kile kijimraba kilichoko pembeni chini upande wa kulia, ukivute mpaka mstari wa 50. Programu itaelewa unakusudia nini.

Sasa katika L2 andika hivi:

=COUNTIF($C$2:$H$101,K2)

Maana yake ni: tazama seli zote tangu C2 hadi H101, uniambie ni mara ngapi imo namba iliyoandikwa K2. Ivute fomula hiyo mpaka L50, nawe utakuwa na hesabu ya kila namba katika droo zote mia. Ikiwa kompyuta inakataa mkato na kukuletea onyo, jaribu nuktamkato mahali pake, kwa sababu baadhi ya kompyuta zimepangwa hivyo.

Kisha katika L51 andika =SUM(L2:L50). Jawabu sharti liwe 600, kwa kuwa droo 100 mara namba 6 ni 600. Nawasihi wasomaji wasiipuuze hatua hii, maana ndiyo inayomtofautisha mwenye kuhesabu na mwenye kudhani. Jumla ikiwa 599 au 587, kuna kosa mahali, na huna ruhusa ya kuendelea mpaka ulipate.

Makosa yanayowapata wengi

- *Kusahau alama ya dola.* Alama ya $ huifunga anwani isihame unapoivuta fomula. Bila hiyo, fomula ya mstari wa 3 itaanza kuhesabu kutoka C3, ya mstari wa 4 kutoka C4, na hesabu itazidi kupungua kimyakimya kadiri unavyoshuka.
- *Herufi mahali pa namba.* Nilionyeshwa jedwali lililokuwa na jumla ya 599, na baada ya kupekua mstari kwa mstari tukakuta seli iliyoandikwa 2 ikifuatwa na herufi O badala ya sifuri. Kwa macho ilikuwa ishirini. Kwa programu lilikuwa neno. Dalili yake ni hii: kama hujabadilisha mpangilio, namba halisi huegemea kulia na maneno huegemea kushoto, basi ipitishe macho safu nzima ukitafuta iliyoegemea kinyume na wenziwe.
- *Kupanga safu moja peke yake.* Ukitaka kuzipanga namba kutoka iliyotoka sana hadi iliyotoka kidogo, chagua safu za K na L zote mbili pamoja, bila ile seli ya jumla. Ukipanga L peke yake ikiwa na namba tupu badala ya fomula, namba zitatengana na hesabu zake, na hutaweza kuzirudisha isipokuwa uliweka nakala au ubonyeze Ctrl na Z papo hapo.
- *Kunakili kutoka tovuti bila kukagua.* Nafasi tupu huja zikiwa zimejificha ndani ya seli. Andika =ISNUMBER(C2) pembeni; ikijibu FALSE, seli hiyo ina kasoro.

Jaribio ninaloomba kila msomaji alifanye

Hapa ndipo ninapotaka tukae kitako. Umeshahesabu, nawe umeona kwamba namba fulani imetoka mara 19 na nyingine mara 6 tu, na moyo unakuambia kwamba tofauti kubwa namna hii haiwezi kuwa bure. Kabla hujausadiki moyo, tengeneza droo 100 za kubuni, ambazo una yakini hazina siri yoyote ndani yake, uone nazo zitasemaje.

1. Fungua laha mpya. Katika A1 andika =RAND(), ambayo hutoa namba ya kubahatisha kati ya sifuri na moja.
2. Ivute kulia mpaka AW1. Hizo ni seli 49, moja kwa kila namba ya mchezo.
3. Ruka safu moja. Katika AY1 andika =RANK(A1,$A1:$AW1), kisha uivute kulia mpaka BD1. Utapata namba sita kati ya 1 na 49, zisizorudiana, kama zilizotoka chomboni.
4. Chagua mstari wote tangu A1 hadi BD1, uvute chini mpaka mstari wa 100.
5. Katika BF1 hadi BF49 weka namba 1 hadi 49, na katika BG1 andika =COUNTIF($AY$1:$BD$100,BF1), uivute mpaka BG49. Jumla, kama kawaida, iwe 600.
6. Andika =MAX(BG1:BG49) na =MIN(BG1:BG49) pembeni. Bonyeza F9 katika Excel au Calc, na droo zote mia zitabadilika. Katika Google Sheets, badilisha seli yoyote tupu.

Bonyeza mara nyingi, bila haraka, huku ukitazama ile kubwa na ile ndogo. Wastani wa kila namba ni takriban mara 12, lakini namba nyingi zitatapakaa kati ya 6 na 18, na karibu kila mara patakuwa na moja iliyofika 19 au 20 na nyingine iliyobaki na 5 au 6. Isitoshe, kila ukibonyeza, iliyokuwa juu inashuka na nyingine inachukua mahali pake. Tofauti ile ile uliyoiona katika droo halisi, na ukaidhania kuwa ni siri, inazalika mbele ya macho yako kutokana na bahati tupu.

Halafu rudi kwenye droo zako za kweli ufanye mtihani wa pili. Katika M2 hesabu nusu ya kwanza, =COUNTIF($C$2:$H$51,K2), na katika N2 nusu ya pili, =COUNTIF($C$52:$H$101,K2). Vuta zote mbili hadi mstari wa 50. Chagua namba sita zilizoongoza katika M, ujumlishe zilivyotoka katika N. Namba sita zozote zile, hata ukizichagua ukiwa umefumba macho, zinatarajiwa kutoka jumla ya mara 37 hivi katika droo 50. Ukipata 31 au 43, bado uko ndani ya kawaida. Kama mabingwa wa nusu ya kwanza wangekuwa na nguvu yoyote, jumla yao ingebaki juu sana. Fanya, nawe utajionea.

"Lakini namba hii imechelewa, lazima itoke"

Hii ndiyo hoja ninayoletewa kuliko zote, na wenye kuileta ni watu makini. Jibu lake mnalo katika jedwali lenu. Katika O2 andika =COUNTIF($C$82:$H$101,K2), uivute hadi O50, nayo itahesabu droo 20 za mwisho peke yake; kisha zitazame zilizopata sifuri. Kwa hesabu ya uwezekano, katika wakati wowote ule kunatarajiwa kuwa na namba 3 au 4 ambazo hazijaonekana kwa droo 20 mfululizo. Kuchelewa basi ni hali ya kila siku ya mchezo, na vile vitufe vya chomboni havina daftari la kukumbuka nani alitoka juma lililopita.

Kadhalika msidanganywe na mambo yanayoonekana ya ajabu:

- Karibu nusu ya droo za 6 kati ya 49, yaani asilimia 49.5, huwa na namba mbili zinazofuatana, kama 23 na 24.
- Zaidi ya nusu, asilimia 56, hurudia angalau namba moja ya droo iliyotangulia.
- Nchini Bulgaria, Septemba 2009, namba 4, 15, 23, 24, 35 na 42 zilitoka tarehe 6 na zikatoka tena zote sita tarehe 10. Watu walishuku, uchunguzi ukafanywa, na hila haikupatikana.

Ukitaka kujua ukubwa wa mlima wenyewe, andika =COMBIN(49,6). Programu itajibu 13983816, ndiyo idadi ya michanganyiko yote. Anayenunua tikiti mbili kila juma, tikiti 104 kwa mwaka, angehitaji zaidi ya miaka 134,000 ili anunue tikiti zinazolingana na idadi hiyo.

Kuhusu wanaouza namba

Wako wanaojitangaza katika makundi ya simu kwamba wana programu ya kubashiri, wakitaka malipo kwanza kwa M-Pesa. Sasa unayo elimu ya kuwapima. Katika mchezo wa 49, tikiti moja katika kila 57, kwa wastani, hupata namba tatu sawasawa. Mtu akiwatumia watu 57 namba tofauti, yamkini mmoja wao atapata tatu, atafurahi, atatoa ushuhuda mbele ya kundi zima, na wale 56 watanyamaza kwa haya. Mwambie muuzaji akupe namba zake za droo 50 zijazo kabla hazijachezwa, uzipime katika jedwali lako bila kulipa chochote. Akikataa, umepata jawabu. Wala usimpe mtu wa namna hiyo nakala ya kitambulisho au namba yako ya siri, kwa udhuru wowote atakaoutoa.

Jambo moja ambalo uchaguzi wa namba hubadilisha

Uadilifu unanilazimu nilitaje. Kuchagua namba hakukuongezei nafasi ya kushinda, lakini huathiri utagawana na wangapi ukishinda. Mnamo Januari 1995 huko Uingereza, watu 133 walipata namba zote sita katika droo moja, na zawadi ya pauni milioni 16 ikamegwa hata kila mmoja akapata takriban pauni 122,500. Watu wengi huchagua tarehe za kuzaliwa, zisizovuka 31, au huchora mistari mizuri katikati ya karatasi. Asiyefuata mkumbo hana nafasi zaidi ya wengine. Ana washirika wachache tu iwapo itatokea.

Laha ya fedha

Msomaji atakayeendelea kucheza, awe ametimiza miaka 18 kama sheria inavyotaka, na afungue laha nyingine yenye safu tatu: tarehe, nilicholipa, nilichopata. Chini yake aandike jumla ya safu ya tatu kutoa jumla ya safu ya pili. Aijaze siku ile ile, kutoka katika jumbe za M-Pesa, wala si kutoka kichwani, kwa kuwa kichwa hukumbuka siku za kupata na husahau siku za kupoteza. Akiona jumla inakula ada ya mtoto au mbolea ya msimu, amweleze mtu wa nyumbani mwake mapema, jedwali likiwa mezani.

Zihamishe fomula hizi kwenye maziwa

Nimalizie na wale walioniuliza kama muda wao utakuwa umepotea. Katika Uasin Gishu yetu ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, namba zenye sababu nyuma yake zimejaa kila boma. Lita za leo zina uhusiano na majani ya jana, na ng'ombe aliyepungua siku tatu mfululizo ana jambo linalomsibu. Hapa kupungua kuna maana, na jedwali litakuonya kabla daktari wa mifugo hajaitwa.

Anza hivi kesho asubuhi: A1 Tarehe, B1 Ng'ombe, C1 Lita za asubuhi, D1 Lita za jioni, E1 Gharama ya chakula. Ng'ombe mmoja, mstari mmoja, kila siku. Na jina la ng'ombe liandikwe kwa namna ile ile daima. Baada ya mwezi, andika =AVERAGEIF(B2:B200,"Chebet",C2:C200), ukiweka jina la ng'ombe wako mahali pa Chebet, nawe utapata wastani wake wa asubuhi. Fanya hivyo kwa kila ng'ombe, ulinganishe na gharama ya chakula chake, na ikiwa idadi ya mistari imepita 200, ongeza hiyo 200 katika sehemu zote mbili za fomula, isije mistari ya mwisho ikaachwa nje ya hesabu.